Rasimu ya Tatu

Fomu imetoka Naryn kwa dereva wa makaa ya mawe,
imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole cheusi pembeni.
Wanataka mpango: matumizi ya teknolojia darasani,
muhula wa pili, ufike kabla ya Ijumaa.
Naujaza kwa penseli. Printa tunayo;
wino uliisha tukichapa vyeti mwaka juzi.

Kwenye Vifaa naandika: vishikwambi kumi na kimoja,
kimoja kioo kimepasuka kama barafu ya mtoni mwezi Machi,
lakini kinasomeka. Watoto ishirini na wanne.
Nafuta. Wataniuliza hesabu gani hiyo.
Hesabu ni Aizirek na Bektemir bega kwa bega,
mmoja anagusa, mwenzake anasema, "Siyo hapo,"
wanabishana mpaka masikio yanawaiva,
na mimi nasimama nyuma yao, nimenyamaza, nafundisha.
Narudisha nilichofuta.

Muda: dakika arobaini, umeme ukiridhia.
Desemba huondoka saa nne, hurudi saa nane,
kama mgeni aliyesahau glavu.

Rasimu ya kwanza ilijaa maneno mazito
niliyoyaokota Bishkek, semina ya siku mbili,
pamoja na begi la bure na kalamu isiyoandika.
Kadyrbek aliisoma huku anakula,
akauliza, "Na ubao mnautupa lini?"
Niliitia jikoni. Ilishika moto mara moja;
maneno yale hayakuwa na unyevu wowote.

Ya pili niliiandika kwa woga: kabati, kufuli,
daftari la sahihi, Jumatano tu, mikono iwe imeoshwa.

Kisha ikaja Jumanne ya Tologon.
Miaka tisa. Ana kigugumizi.
Huinua mkono; ukimwita, anaushusha.
Nilimpa kile chenye ufa, nikamwambia, nenda stoo,
kule kwenye makaa na ramani za nchi zisizokuwepo tena,
usome ukurasa wa kumi na nne, ujirekodi.
Ukikwama, anza upya. Hakuna anayekungoja.
Mapumziko yalianza, yakaisha, yeye yumo tu.
Alirekodi mara kumi na tisa
na hakufuta hata moja.

Ile ya mwisho imenyooka, nitaipeleka kwa mama yake.
Mimi hurudia ya sita:
mtoto anapambana na herufi moja, inamponyoka,
anaifuata, anaikaba, anaitamka,
halafu anacheka, peke yake, katikati ya vumbi jeusi,
na upepo unagonga bati nyuma yake.

Vikwazo: theluji. Panya wanaopenda nyaya.
Mtandao unaopatikana juu ya paa la choo,
na mwalimu mwenye miaka hamsini na mitatu
anayepanda ngazi hiyo akiwa na sketi.
Mwezi Mei, Elnura na kaka zake
watahamia malisho ya juu na kondoo mia mbili.
Awamu hii sitaandika "watoro."
Nitamjazia masomo ya wiki sita kwenye kifaa,
baba yake anayo sola juu ya hema.
Akirudi Septemba, anionyeshe alipofika.
Kikianguka mtoni, kimeanguka mtoni;
nimeliandika hilo pia, kwa herufi kubwa,
Bwana Sharshenbaev asije akasema hakuambiwa.

Dereva anapiga honi. Amebeba gunia la mwisho.
Kimebaki kisanduku cha Tathmini,
wanataka asilimia ya mafanikio.
Nimeandika 19.
Wakiiona ndogo, waje, tutawafungulia stoo.

Na pembeni, pale palipo na alama ya kidole:
tunaomba chaki. Katoni mbili.