Kiganja cha Orval

Orval Dvoracek hasikii tena king'ora chochote.
Miaka thelathini na minne ya kupanda ngazi,
spana kiunoni, grisi kwenye kucha,
imeyala masikio yote mawili.
Lakini mpe nguzo.

Usianze na sauti, huniambia, anza na umbo.
Kile cha kofia pana kama uyoga hakigeuki,
kinafoka pande zote kwa hasira ileile.
Kile cha manjano, chenye tarumbeta la mraba,
huzunguka polepole
kama mtu anayemtafuta aliyemwita.
Ukiona sanduku chini na bomba linalopanda hadi shingoni,
jua hakina pumzi yake, kinapuliziwa.
Na zile sahani za kijivu, moja juu ya mwenzake?
Anatema mate. Hizo ni redio.

Halafu hesabu madirisha ya rota.
Kumi huku, kumi na mawili kule:
dada wawili waliokosana
wakilia msiba mmoja.

Kila Jumamosi ya kwanza, saa sita mchana,
Nebraska inajaribu koo zake.
Mimi naandika daftarini: kutu, rangi,
kiota cha shomoro mdomoni.
Yeye anabandika kiganja kwenye chuma, anafumba macho.
"Mota ya farasi saba na nusu. Beringi imechoka.
Mwambieni Ladislav."
Hajakosea bado.

Mwezi wa Mei, nyuma ya kituo cha zimamoto,
alikuwa ameegemea nguzo akila mkate wa plamu.
Mbingu ilikuwa na rangi ya chupa ya bia.
Nilikisikia kabla yake, kwa nukta moja labda.
Naye akatabasamu, makombo mdomoni:
"Cha manjano. Kumi kwa kumi na mbili. Mzee wangu huyu, nilimfunga mwaka wa—"
Tabasamu likakwama.
"Leo Alhamisi," akasema.

Chumba cha chini kilinuka mipira ya maji na viazi.
Mguu wa nguzo unapita humo, umezikwa kwenye zege.
Tulikuwa kumi na mmoja, na mbwa.
Orval akaushika.
"Kinazunguka," alitwambia, sisi wenye masikio,
tusiosikia kitu ila upepo.
"Kinazunguka.
Bado."

Kisha akanyamaza.
Akakiondoa kiganja taratibu, akakifuta kwenye suruali,
kama mtu aliyetoka kupeana mkono.