Kifuniko

Inazima Isyonje.
Si kila safari, wala si pale pale,
lakini ukungu ukishafunika ndoo za viazi kando ya lami
na kioo kimeanza kutoka jasho,
mshale wa joto umetulia, mafuta nusu tangi,
pikapu ya baba inakohoa mara mbili
kama mtu anayetaka kusema jambo mkutanoni,
halafu inaghairi.
Usukani unakuwa jiwe. Breki, gogo.
Mikungu ya ndizi ya Tukuyu inasogea nyuma yangu,
inagonga kibati cha kabini.

Nasubiri. Nusu saa, chai ya rangi, karanga.
Napiga pampu ya mkono hadi kidole gumba kinakufa ganzi.
Inawaka.
Inawaka kana kwamba mimi ndiye niliyeota.

Fundi wa Kiwira alisema nozeli.
Tukazitoa zote nne, zikapimwa, nikalipa.
Fundi wa Mwanjelwa alisema chujio,
na kweli lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Nikalipa.
Wa tatu hakugusa kitu. Alizunguka mara moja,
akapiga tairi teke, akasema:
Dada, gari la marehemu lilitakiwa kuondoka naye.
Huyo sikumlipa.

Lwitiko wa Uyole hana hata kibao.
Ana jeki, turubai, na spana kwenye kopo la maziwa.
Hakufungua boneti.
Aliuliza, kama wanavyouliza kliniki ya watoto:
Inazima ikipanda au ikishuka?
Unakuwa umetembea muda gani?
Dakika arobaini, nikasema. Hamsini.
Na ukisubiri inapona yenyewe?
Inapona.
Akanyamaza, akafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Akakata mpira wa dizeli, akaunga katikati
mrija wa dripu aliouomba zahanati,
akaupitisha nje ya boneti, akaufunga kwenye waipa
ili tuone, alisema, inachokunywa.
Tukaondoka. Igawilo, dizeli inapita mbele ya macho yetu,
rangi ya asali changa, haina povu hata moja.
Tukapanda. Misonobari. Ukungu.
Mrija ukaanza kukonda.
Polepole, kama mashavu ya mtoto
anyonyaye titi lisilo na kitu.
Kikohozi. Cha pili.
Kimya.

Lwitiko hakwenda kwenye injini.
Alikwenda nyuma, akalegeza kifuniko cha tangi,
na tangi likavuta pumzi
ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka majini.
Lilikuwa halipumui, akasema.
Pampu inavuta, hewa haina pa kuingilia, wanabaki kuvutana tu.
Akakigeuza kiganjani. Cha plastiki, cha kijani,
cha bomba la kupulizia viazi dawa.
Hiki si chake. Nani alikiweka?

Nani.
Nilikuwa na miaka tisa, miguu haigusi chini,
naona kiwiko cha baba kwenye kioo cha pembeni.
Kila safari alisimama hapa hapa, akaenda nyuma,
akazungusha kitu kidogo, akarudisha.
Naiambia ugonile, alikuwa akisema.
Kisha ananunua fungu la vitunguu saumu
asionekane amesimama bure.
Kondakta alidhani ni dawa ya babu.
Mama alidhani ana mwanamke Isyonje.

Lwitiko alipasha msumari moto kwenye jiko la mchoma mahindi,
akatoboa tundu moja. Elfu tatu.
Tumeteremka hadi Uyole bila kikohozi,
mimi nikiendesha taratibu mno,
lori za saruji zikinipigia honi.

Nilipomweleza mama aliendelea kumenya ndizi.
Alimenya tatu, ya nne akaishika tu.
Miaka kumi na minane, akasema,
kwa tundu la msumari.
Kisha akauliza, bila kuinua uso,
kama nimepita na vitunguu saumu.