Kadi Inakufa Jumamosi

Kadi inakufa Jumamosi, saa kumi na moja jioni.
Imeandikwa hivyo nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa;
nimeisoma mara tatu chini ya taa ya cherehani.
Ukichelewa siku moja, unaanza upya:
nambari mpya, picha mpya, na franka elfu kumi na tano juu,
faini ya kusahau.

Mbele uko wewe, Ngosa.
Una miaka sita, meno mawili yamesafiri,
unacheka hivyohivyo, huoni haya.
Chini ya jina lako: MTOTO MMOJA NA MSINDIKIZAJI.
Msindikizaji ni mimi. Sina picha.

Miaka saba nimesindikiza,
kwa miguu kutoka Katuba, jua la Oktoba likilainisha lami.
Nimesimama chini ya gurudumu kubwa na viatu vyako mkononi,
na sweta, na chupa ya maji, na andazi uliloliuma mara moja.
Mara mbili umeme ulikatika ukiwa juu kabisa.
Nikapaza sauti: Usitazame chini!
Nawe ukapaza yako: Mama, naona mlima mweusi!
Naona bomba la moshi! Naona nguo zetu kwenye kamba!
Uongo mtupu. Kwetu ni mbali.
Lakini jioni ile, nikianua,
niliziuliza nguo kama zilikuona.

Nimepiga hesabu juu ya karatasi ya kukatia kola:
mwaka huu tumekwenda mara mbili.
Mara ya kwanza, mvua.
Mara ya pili ulikaa kwenye benchi na simu ya Kapend,
ukasema gurudumu ni la watoto.
Shangazi yako Mwadi akacheka: Acha ife.
Kadi si mtu, haiwekewi matanga.

Ijumaa nikafunga cherehani mapema.
Mke wa mchungaji alikuwa anasubiri gauni lake.
Akasubiri.

Dirishani, kijana mwenye kola iliyogeuzwa ndani-nje
(kazi mbaya, uzi wa rangi nyingine)
akainua kadi kwenye mwanga.
— Mtoto yuko wapi? Picha hii haifanani na mtu tena.
— Amekua.
— Ameupita mstari?
Ukutani pana mstari mwekundu, mita moja na nusu.
— Ameupita tangu Pasaka. Suruali zake
nimeshusha pindo mpaka pindo zimekwisha.
— Basi ya mtoto haiwezekani, mama. Tufute?

Muhuri ulikuwa hewani.
Nyuma yangu baba mmoja wa mapacha alikohoa.
Sijui swali lilitoka wapi, maana sikuja nalo:
— Msindikizaji anaruhusiwa kupanda?
— Msindikizaji hapandi.
Labda alipe kama mtu mzima.

Kama mtu mzima.
Nikafungua fundo la kitenge,
noti zinanuka mafuta ya mashine,
akazihesabu kwa ncha za vidole.
Akanielekezea kamera: Usicheke.
Nikacheka.
Nami nina pengo, Ngosa, upande wa kushoto;
hujawahi kuliona, maana kila mara
ulikuwa juu na mimi chini.

Kadi yako nimeitia kwenye kopo la vifungo.
Usiitupe.

Jumamosi nilimkabidhi viatu vyangu mwanamke nisiyemjua,
tayari alikuwa na jozi mbili ndogo kifuani.
Akanitazama kama anayetaka kuuliza umri wangu.
Chuma kikalia, ardhi ikateremka,
baridi ya Julai ikaingia kwenye mikono ya blauzi.
Kisha, kama kawaida ya mji wetu, umeme ukaenda zake.

Mlima mweusi upo. Bomba la moshi lipo.
Nguo zetu hazionekani, Ngosa. Nilijua.
Nilizitafuta
mpaka umeme uliporudi.