Kwa Namkunda, Anayekwenda Guangzhou Alhamisi

Kaa hapo juu ya robota, kiti kina mteja.
Nina maneno, na mchana wa Narung'ombe haumpi mtu nafasi,
kwa hiyo nitasema huku napima pazia.

Pasipoti, tiketi, chanjo ya homa ya manjano:
hivyo unavyo, hata mjinga anavyo.

Jina la hoteli liandikwe kwa maandishi yao,
ulifiche kwenye sidiria, si kwenye simu.
Simu huzima.
Dereva hataijua hiyo Guangzhou yako ya Kariakoo,
utabaki kuelekeza kwa mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

Njia tulizozoea za kuchati kule zimefungwa.
Jipange ukiwa hapa hapa Dar,
la sivyo mama yako atafunga maombi ya siku tatu.
Na noti usibebe rundo. Hata muuza viazi vya kuchoma
atakunyooshea mchoro wa vidoti, si kiganja.

Kadi yako mpe mtu kwa mikono miwili,
kama unampa mtoto mchanga.
Yake isome kwanza, hata kama huoni herufi unayoijua.
Usiitie mfuko wa nyuma.
Hakuna anayependa jina lake likaliwe.

Kalkuleta ndiyo mkalimani.
Ataandika themanini. Cheka, andika thelathini.
Atashika kifua. Wewe shika mkoba.
Ukifika mlangoni hajakuita, basi ulizidisha,
rudi kwa adabu. Bei haina kisasi.

Sasa saa. Hili limenigharimu.
Safari ya kwanza, bwana wa zipu aliniandikia mbili.
Mimi, mtoto wa Same, mbili ninayoijua ni ya chai ya asubuhi.
Nikafika. Nikakaa kwenye ngazi za kiwanda, mvua inanyesha,
mlinzi akanipa kigoda, akanipa maji ya moto matupu,
akanipa tena, akanipa tena.
Saa nane mchana bwana akaja, mkavu, anatabasamu,
hajachelewa hata dakika.
Ongeza sita, toa sita, fanya unavyojua,
ila andika kwenye kiganja.

(Hayo maji ya moto yanywe. Tumbo la safarini halitaki maringo.)

Mkasi huu hapa. Uweke kwenye begi la kupakiwa,
la mkononi watakunyang'anya uwanjani.
Mkikubaliana kitambaa, kikate vipande viwili mbele yake.
Asaini chako, usaini chake.
Na salio usilitume mpaka lifunguliwe robota la katikati.
La juu ni la kupigia picha.

Unauona ule msumari, nyuma ya kalenda?
Vuta. Ndiyo, hicho chekundu.
Kontena lilipofika nikalipa ushuru, nikalipa siku za kulaza mzigo bandarini,
nikafungua: mita elfu sita, rangi ya chai iliyomwagika.
Nusu yangu ninayo, lakini haina saini.
Nilikuwa na kalamu mkononi, Namkunda.
Yule bwana alicheka, akacheka vile alivyokuwa akicheka kaka yangu,
baba yako, akitupa kichwa nyuma,
nikaona aibu kumwambia asaini.
Miaka miwili nimeiuza chai ile, kipande kipande.

Ngoja. Mita kumi na nne, dada, na risiti unapewa, usiondoke bila risiti.

Nilikuwa wapi?
Kule jua limetutangulia kwa saa tano.
Ukiamka alfajiri, huku ni saa saba ya usiku,
magoti yananiuma, sijalala.
Wewe piga tu.
Usinisimulie maghorofa, nimeyaona.
Niambie rangi.