Chanda na Pete

Alhamisi, saa moja jioni, chini ya kanisa la Hoboken,
viti kumi na kimoja vya plastiki, birika moja la kahawa,
na Wannes, mwendesha kreni, ambaye ndiye mimi,
amekaa karibu na mlango kama mtu aliyeegesha gari pabaya.

Nilikuja kuuzungumzia unga.
Unga ni rahisi kuusema: una uzito, una bei,
polisi wanaujua, mbwa wanaujua,
hata mama yangu, baada ya kulia, aliujua.
Nikasema: siku tisini na nne sijanusa.
Wakapiga makofi. Nikayapokea
kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi, akanyamaza.

Maana la pili sikulisema.

Lilianza hivi. Mita arobaini juu ya bandari,
usiku, ukungu wa mto Skelde umezimeza meli hadi shingoni,
nashusha makontena ya ndizi mpaka mgongo unakuwa chuma.
Gunther akanipa kidogo kwenye ncha ya ufunguo:
"Hii itakufukuzia usingizi."
Usingizi ukakimbia. Aibu ikaufuata,
vikatoka pamoja kama majirani waendao sokoni.
Na pale ilipokuwa aibu ikaketi njaa
isiyo ya tumbo.

Kwanza simu, kioo kikimeremeta ndani ya gari.
Kisha hoteli ya kando ya barabara kuu, njia ya Boom,
yenye zulia la rangi ya ini.
Kisha majina niliyoyasahau kabla hayajatoka kinywani.
Unga uliniambia: hakuna atakayeumia.
Asubuhi, nilipoumia, mwili ukaniambia:
tafuta unga.
Pwagu kampata pwaguzi, wakagawana mshahara wangu,
tarehe kumi umekwisha.

Sikuwa nikitafuta raha. Niaminini,
raha ilikufa mwezi wa pili.
Nilikuwa nikijikuna mguu
uliokwisha kukatwa.

Pete niliivua kila mara, naiweka kwenye kijisanduku cha gari
pamoja na risiti za maegesho na peremende za Fien.
Chanda kilibaki na alama nyeupe
iliyonitazama kuliko pete yenyewe.
Watu husema chanda na pete wakisifu mapenzi.
Mimi nawajua chanda na pete wengine:
huyu akiingia, yule yumo.

Usiku wa tarehe tano Desemba
Fien aliweka kiatu chake mbele ya hita,
na karoti ndani, ya farasi wa Mtakatifu Nikola.
Kazi yangu ilikuwa moja: kuitoa karoti,
kutia chokoleti na chenza tatu.
Nilirudi saa moja asubuhi.
Karoti ilikuwa palepale, imeanza kunywea.
Godelieve ameketi sakafuni na gauni la kulalia.
Hakuniuliza nilikuwa wapi.
Aliuliza: "Nimwambie farasi kafa?"

Leo, makofi yalipotulia, Bi Hadewych akanikazia macho:
"Na lile jingine, Wannes?"
Sikujua kwamba linaonekana.
Jana tu, siku ya tisini na tatu, bila chembe puani,
nilikaa kwenye maegesho ya hoteli ile dakika arobaini,
injini inanguruma, viganja vinatoka jasho,
ulimi unaonja unga
ambao sikuwa nao.
Hapo nikafahamu: dirisha nimelifunga,
lakini mwizi yule yule analijua paa.

Nikasimama. Kiti kikalia sakafuni.
Nikalitaja lile la pili kwa jina lake,
bila kulizunguka.
Hakuna aliyepiga makofi.
Mzee Staf, fundi wa mabomba, akasogeza kiti chake
upande wangu, upana wa kiganja hivi,
akanimiminia kahawa, imeshapoa.

Nje mvua. Tramu namba nne inapita.
Pete iko mfukoni. Sijaivaa.
Kesho nitahesabu upya, kuanzia moja,
na safari hii
kwa mikono miwili.