Makapi

Mimi nabeba makapi.
Kiwanda nje ya Araraquara kinakamua usiku kucha,
juisi inashuka kwa bomba, inaelekea bandarini,
kwa watu nisiowajua.
Nyuma zinabaki nyuzi, maganda, mbegu,
na ile ngozi nyeupe ya ndani.
Vinakaushwa, vinasagwa, vinafinyangwa vidonge
vinavyonukia mpaka kwenye mto wangu wa kulalia.

Nawapelekea ng'ombe wa bwana Teodorico:
weupe, wenye nundu, wametulia kama wamelipwa.
Wanatafuna. Wanalala. Wanacheua, wanatafuna tena.
Ngozi zao zinang'aa hata katika vumbi la Agosti.

Nyumbani Jandira, miaka minne,
yuko kwenye pakiti ya tatu tangu asubuhi.
Mrija umekuwa kidole chake cha sita.
Maharage yamepoa, wali umekauka kingo.
"Nimeshiba, baba,"
na hasemi uongo.

Muuguzi Lindaura alimpandisha kwenye mizani,
akamvuta kope ya chini: pamepauka.
Akachungulia meno mawili ya mbele,
kahawia, kama sukari iliyoungulia sufuriani.
Hakunigombeza. Heri angenigombeza.
Aliniuliza tu: dereva, glasi moja ina machungwa mangapi?
Nikasema manne. Matano yakiwa madogo.
Akasema: mpe matano mkononi, uone kama atayamaliza.

Na mimi nilidhani nampa tunda!
Pale kwenye pakiti limechorwa chungwa lililokatwa,
tone linaning'inia, na jani la kijani safi
ambalo Ivonete, mke wangu, mchumaji wa miaka tisa,
hajawahi kuliona mtini.
Anashusha machungwa kwa ngazi, magunia kwa magunia,
jioni tunapita dukani
kununua jasho lake, limetiwa sukari.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye.
Hawakusema ni nani aliyempa ng'ombe
chakula cha mtoto.

Siku moja nilisimamisha lori kando ya miwa,
nikatafuna kidonge kimoja kwa siri.
Kichungu. Kinakwaruza. Kilikaa nami
mpaka saa nane mchana, sikuona njaa.

Jumapili tulikaa kizingitini, mimi na Jandira,
chungwa moja kati yetu, bila kisu.
Alifyonza kipande, akanitemea makapi kiganjani
kwa adabu, kama anayerudisha chenji.
Nikatia kinywani changu, nikatafuna, nikameza,
nikamwonyesha ulimi mtupu.
Akacheka. Akajaribu. Akakunja uso.
Akalilia pakiti yake mpaka jirani akachungulia.

Alikula vipande vitatu.
Cha nne alimpa mbwa, mbwa akakataa.
Usiku alikula maharage, vijiko viwili,
cha tatu alikiangalia kwa muda mrefu.

Pakiti moja bado imo kwenye friji.
Sijaimwaga. Ni pesa ile.
Nimeficha mrija.