Waya wa Salmini

Miaka kumi na tisa navuta waya Tandika,
Yombo, Keko, mpaka Mtoni kwa Azizi Ali.
Najua nyumba inavyodanganya:
swichi nzuri, taa nzuri, kioo hakina ufa,
halafu jioni mtu anabonyeza
na sebule inawaka kama inaona haya.
Hapo sigusi taa. Napanda darini, kwenye vumbi na mende,
kumtafuta aliyenunua waya mwembamba.

Kwa hiyo daktari alipochora jicho
nyuma ya kadi ya kliniki,
akachora na uzi mmoja, kutoka jichoni kwenda kichwani,
akasema, "Macho yake mazima. Huu ndio haukukua,
tangu tumboni haukukua,"
mimi nilielewa kabla ya mama yake.
Nikauliza swali la fundi:
"Unabadilishwa?"
Akafunga kalamu.

Mwanahawa hakuuliza kitu.
Alimgeuza mtoto akamfuta makamasi yasiyokuwepo.

Miezi minane alikuwa nayo. Macho yalikuwa yanacheza,
kushoto kulia, kushoto kulia,
kama mtu aliyedondosha shilingi mia kwenye majani.
Shangazi akasema ni kijicho cha watu, afungwe hirizi.
Jirani wa chumba cha pili akasema,
mimba ile mama alikula udongo mno.
Kila mtu alikuja na kosa mkononi
kama wanavyokuja na sukari msibani.
Daktari hakuwa na kosa la kutupa.
"Hutokea," alisema.
Neno jepesi hilo. Nililibeba toka kliniki hadi nyumbani
likanichosha bega.

Nikafanya ninachokijua.
Chumbani taa mbili. Ukumbini, moja ya wati mia.
Juu ya meza nikafunga ile ya uwanja,
iliyobaki kwenye kazi ya geti la kiwanda, Chang'ombe.
Yuniti za luku zikawa zinakimbia kama mbwa kaona fimbo.
Fundi yeyote angenicheka:
waya mwembamba huuongezei mzigo.
Nilijua. Niliongeza hivyo hivyo.

Salmini akaingia chini ya meza,
akaziba uso kwa viganja vyote viwili.
Miaka mitatu na nusu, sauti ya mjumbe wa nyumba kumi:
"Baba, zima. Inaniuma."

Nilizima.
Tukakaa na mwanga wa mlangoni tu,
na mafuta ya chipsi yakichacharika ng'ambo ya njia.

Sasa namsoma mwanangu kama ninavyosoma nyumba ya mtu.
Kwenye sahani nyeupe wali anaupapasa;
kwenye nyekundu anamaliza, anadai ukoko.
Ukingo wa ngazi nimeupiga mstari wa njano.
Mpira wake nimeuvika nailoni,
ukiviringika unanong'ona, anaufuata.
Runinga anaisogelea mpaka pua inaacha doa,
na simwambii tena "utaharibu macho."
Usiku mwingine bado napanda darini, kichwani,
natafuta nani alinunua.
Hakuna mtu kule. Vumbi tu.

Jana nimerudi, koleo kiunoni, shati limenishika mgongo.
Akanikamata magoti, akainua uso,
akauinamisha kulia, sikio likakaribia bega,
kama kuku anayechungulia mwewe.
Ndiko anakoonea, kona ile ndogo;
kwingine kote ni moshi wa kuni mbichi.
Macho yakacheza, yakacheza, yakapunguza.

Pikipiki ikapita. Mbu akanitua shingoni.

"Usisogee," akasema. "Usisogee, Baba. Nakupata."

Nikasimama pale mlangoni kama nguzo ya umeme,
mbu na damu yake,
nikasubiri nifike.